Kodi ya Mfanyakazi Avukaye Mpaka wa Jimbo



Mtumishi wa Tanzania anapokatwa kodi ya mapato katika mshahara wake hana haja ya kuuliza ni serikali ipi iliyomkata. Huenda akanung'unika juu ya kiasi, lakini mkataji anamfahamu. Nchini Marekani mambo si mepesi namna hiyo. Nchi hiyo ni muungano wa majimbo 50, na kila jimbo lina bunge lake, gavana wake na hazina yake. Juu ya kodi ya mapato ya Serikali Kuu ya Washington, iliyowekewa msingi imara na badiliko la Katiba la mwaka 1913, majimbo mengi hutoza kodi ya mapato yao wenyewe. Wisconsin ilianza mwaka 1911, na majimbo mengine yakafuata. Machache, kama Texas, Florida na Nevada, hayatozi mshahara hata senti moja. Kwa hiyo mtu anapolala katika jimbo moja na kufanya kazi katika jimbo jingine, huzuka swali ambalo limewafikisha watu wengi, na hata majimbo yenyewe, mbele ya Mahakama ya Juu ya nchi hiyo. Swali lenyewe ni hili: kodi ya mshahara wake ni haki ya nani?

Wahusika si wachache. Ng'ambo ya Mto Hudson kutoka mji wa New York ni jimbo la New Jersey. Philadelphia imo Pennsylvania, na kuvuka Mto Delaware ni New Jersey tena. Mji mkuu wenyewe, Washington, umebanwa kati ya Maryland na Virginia. Mipaka mingi ya upande huo ilichorwa enzi za wafalme wa Kiingereza, wakati mto ulipokuwa kizuizi cha kweli. Siku hizi karani, muuguzi, fundi umeme na mwalimu huvuka asubuhi kwa treni au basi na kurudi jioni, na hakuna askari wa kuwauliza pasi. Anayeuliza ni mtoza kodi, naye huuliza baada ya mwaka kwisha.

Msingi wa sheria uliwekwa mwaka 1920, katika kesi mbili. Ya kwanza ilimhusu tajiri wa mafuta aitwaye Shaffer, aliyekaa Chicago katika jimbo la Illinois huku visima vyake vikiwa Oklahoma. Alidai kwamba Oklahoma haina mamlaka juu ya mtu asiye mkazi wake. Mahakama ya Juu ikamkatalia: jimbo linalolinda mali na shughuli ndani ya mipaka yake lina haki ya kutoza kodi mapato yanayotokana nayo, hata kama mwenyewe analala kwingine. Kesi ya pili ililetwa na kampuni ya Yale & Towne ya Connecticut, yenye wafanyakazi waliokwenda kazini New York kutoka Connecticut na New Jersey. Sheria ya New York ilimpa mkazi wake msamaha wa dola 1,000 za kwanza kama hana ndoa na dola 2,000 kama anayo, lakini ikamnyima mgeni msamaha huo. Hapo Mahakama ilisema New York inaweza kumtoza mgeni, lakini haiwezi kumbagua.

Kanuni hizo mbili zinatumika hadi leo. Jimbo la kazi ndilo lenye haki ya kwanza juu ya mshahara uliochumwa humo, kwa sharti kwamba mgeni atendewe kama mkazi.

Laiti mambo yangeishia hapo. Jimbo la nyumbani nalo lina dai lake: mkazi wake hutozwa kodi kwa mapato yake yote, popote yalipopatikana, kwa kuwa humo ndimo watoto wake wanamosoma, barabara yake inamotengenezwa, na zimamoto huja nyumba yake ikishika moto. Madai yote mawili yana haki ndani yake, lakini yakitekelezwa pamoja bila kizuizi yatamla mfanyakazi mara mbili. Dawa iliyobuniwa ni kwamba jimbo la nyumbani humhesabia mkazi wake kodi aliyokwisha kulipa katika jimbo la kazi. Chukuliwe mfano wa mwalimu anayepata dola 60,000 kwa mwaka. Ikiwa kodi ya jimbo la kazi ni dola 3,000 na ya jimbo la nyumbani kwa mshahara huo huo ni dola 2,400, atalipa 3,000 kazini na nyumbani hatadaiwa kitu. Ikiwa ya nyumbani ni dola 3,600, atalipa 3,000 kazini na kuongeza 600 nyumbani. Kwa vyovyote atalipa ile kodi kubwa kati ya mbili, na hatarudishiwa tofauti inapokuwa kazini ni ghali kuliko nyumbani. Watu wengi hawalitambui jambo hili. Huhamia jimbo lenye kodi nafuu wakiendelea na kazi ile ile ng'ambo, kisha hushangaa kuona mfuko haukupata nafuu yoyote.

Mfano ulio wazi zaidi uko kwenye Mto Columbia, upande wa magharibi ya nchi. Portland imo Oregon, na ng'ambo ya mto kuna mji wa Vancouver katika jimbo la Washington, ambalo si ule mji mkuu. Oregon hutoza kodi ya mapato lakini haina kodi ya mauzo. Jimbo la Washington lina kodi ya mauzo, na mshahara wa mfanyakazi wa kawaida haliutozi. Anayekaa Vancouver na kufanya kazi Portland hulipa kodi ya mapato ya Oregon yote kamili, na kwa kuwa nyumbani hadaiwi kodi ya mapato, hakuna cha kuhesabiana. Akirudi na kununua kiti dukani jirani na kwake, hulipa kodi ya mauzo ya jimbo lake. Yule anayekaa Vancouver na kufanya kazi huko huko, kisha akavuka kwenda kununua vitu Portland, mambo yake ni mengine kabisa. Wote wawili wanakaa mtaa mmoja.

Kuhesabiana kodi huku hakukuwa lazima kwa namna zote mpaka miaka ya karibuni. Maryland ilikuwa na kodi ya mapato yenye sehemu mbili, ya jimbo na ya wilaya. Ilihesabu kodi zilizolipwa nje dhidi ya sehemu ya jimbo tu, na ya wilaya ikaiacha imlemee mlipaji. Mtu mmoja na mkewe walishitaki, na mwaka 2015, katika kesi ya Wynne, majaji watano dhidi ya wanne waliamua kwamba mtindo huo unamwadhibu mtu kwa kutafuta riziki nje ya jimbo lake, na unakwenda kinyume cha uhuru wa biashara kati ya majimbo. Kura moja tu ndiyo iliyotenga haki na dhuluma.

Yako majimbo yaliyoona kwamba usumbufu huu hauna faida, yakapatana. Mkazi wa New Jersey anayefanya kazi Pennsylvania hulipa kodi ya mshahara wake kwao New Jersey, na wa Pennsylvania hulipa kwao. Maryland na Virginia zina mapatano ya namna hiyo. Mfanyakazi hujaza fomu moja kwa mwajiri wake, na mambo yamekwisha. Lakini mapatano hukaa mikononi mwa wakubwa. Minnesota na Wisconsin zilipatana tangu mwaka 1968. Kwa kuwa Wisconsin ilikuwa na watu wengi zaidi waliovuka kwenda kazini Minnesota, ilitakiwa kulipa fidia ya tofauti, na fidia hiyo ilikuwa ikichelewa kwa zaidi ya mwaka. Mwaka 2009 gavana wa Minnesota aliyavunja mapatano, na kuanzia Januari 2010 wafanyakazi wa pande zote mbili wakaanza kujaza fomu mbili kwa sababu ya deni ambalo si wao waliolichelewesha. Mwaka 2016 gavana wa New Jersey alitangaza kuyavunja yale ya Pennsylvania ili kuziba pengo katika bajeti, kisha akaghairi kabla mwaka haujaisha. Kwa miezi michache maelfu ya watu hawakujua mshahara wa Januari utakatwaje.

Hapo ndipo penye uchungu wa jambo lenyewe. Mfanyakazi avukaye mpaka hapigi kura katika jimbo linalomkata kodi. Hamchagui gavana wake, wala hana mbunge wa kumwendea. Na hii ni nchi ambayo makoloni yake 13 yaliasi mwaka 1776 yakilalamika, pamoja na mambo mengine, kutozwa kodi na bunge ambalo hayakuwa na mjumbe ndani yake. Wabunge wa jimbo wanajua vema kwamba mgeni ni mlipaji asiye na kura, na mara kwa mara wameshindwa kujizuia. New Hampshire, ambayo haitozi mishahara ya wakazi wake, ilitunga sheria ya kuwatoza wasafiri wa kila siku kutoka nje asilimia 4 ya mapato yazidiyo dola 2,000. Wakazi wa Maine waliofanya kazi humo wakashitaki, na mwaka 1975 Mahakama ya Juu ikaifuta, kwa kuwa mzigo wake ulimwangukia mgeni peke yake. Mji wa New York ulikuwa na kodi ya wasafiri tangu mwaka 1966, iliyofika asilimia 0.45 ya mshahara. Mwaka 1999 bunge la jimbo liliifuta kwa wakazi wa jimbo la New York tu, ili kuwaridhisha wapiga kura wa vitongojini, na ikabaki kwa watu wa New Jersey na Connecticut. Mahakama ziliikataa, na mji ukaipoteza yote. Mji mkuu Washington hauna hata nafasi ya kujaribu: sheria ya mwaka 1973 iliyoupa madaraka ya kujitawala iliukataza kutoza mapato ya asiye mkazi, ijapokuwa umati wa watumishi wa serikali huingia humo kila asubuhi kutoka Maryland na Virginia.

Kisa kingine cha New Hampshire kingeweza kuchekesha kama fedha za watu zisingekuwa ndani yake. Katika Mto Piscataqua, kati ya jimbo hilo na Maine, kipo kisiwa cha Seavey chenye karakana ya meli za kivita. Maine hutoza kodi ya mapato, New Hampshire haitozi mishahara, na wafanyakazi wengi wa karakana hukaa New Hampshire. Njia ya kuwaokoa ilikuwa moja: kuthibitisha kwamba kisiwa hakimo Maine. New Hampshire ikaenda mahakamani kudai kwamba mpaka uko kwenye ukingo wa upande wa Maine, na hoja zikarudishwa mpaka kwenye amri ya mfalme wa Uingereza ya mwaka 1740. Mwaka 2001 Mahakama ya Juu ilikataa hata kuyapima madai hayo, kwa kuwa miaka ya 1970, katika ugomvi juu ya uvuvi wa kamba, New Hampshire yenyewe ilikubali kwamba mpaka unapita katikati ya mto. Asiyekumbuka aliyosema jana asiende mahakamani leo. Wafanyakazi wa karakana wakaendelea kulipa Maine.

Kabla ya kuuliza mtu anafanya kazi wapi, mtoza kodi huuliza anakaa wapi, na jibu la swali hilo pia si jepesi. Kwa sheria ya New York, mtu mwenye makao ya kudumu ndani ya jimbo, akikaa humo zaidi ya siku 183 katika mwaka, huhesabiwa mkazi hata kama kwao ni kwingine, na kwa kawaida sehemu ya siku huhesabiwa siku nzima. Siku 183 si hesabu ngeni kwa Mtanzania, kwani Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 nayo inaitumia katika kumtambua mkazi. Tofauti ni kwamba hapa Tanzania mpaka unaohusika ni wa taifa, ambako pasi hugongwa muhuri. Kati ya New York na New Jersey hakuna muhuri. Ushahidi hutafutwa katika risiti za madaraja ya kulipia, kumbukumbu za simu na shajara ya mlipaji mwenyewe, na mzigo wa kuthibitisha umo mabegani mwake.

Mmoja aliyeonja shida hiyo ni John Gaied. Alikaa New Jersey, na kila siku ya kazi alikwenda kwenye karakana yake ya magari katika Staten Island, sehemu ya mji wa New York. Jirani na karakana alinunua nyumba ya kupangisha, na katika chumba kimoja akawaweka wazazi wake aliokuwa akiwatunza. Ufunguo alikuwa nao, gharama alilipa yeye, na mara chache, wazazi walipougua, alilala kwao juu ya kochi. Wakaguzi wakasema: makao unayo, siku zimezidi 183, wewe ni mkazi wa New York, lipa kodi ya mapato yako yote. Kesi ilipanda ngazi moja baada ya nyingine hadi mwaka 2014, ndipo Mahakama ya Rufani ya New York ikatamka kwamba makao hayawi makao ya mtu mpaka yeye mwenyewe awe anayatumia kama makazi yake. Kodi iliyogombaniwa ilikuwa ya miaka ya 2001 hadi 2003. Kwa hiyo mtu alingoja zaidi ya miaka kumi kujua kwamba kuwatunza wazazi hakukumhamisha jimbo.

Kwa walimu, kesi ya kutafakari zaidi ni ya mwenzao, profesa Edward Zelinsky, anayekaa Connecticut na kufundisha sheria katika chuo kilichoko mji wa New York. Katika miaka ya 1990, wakati wa muhula, alikwenda chuoni siku tatu kwa juma kufundisha. Siku zilizobaki alikaa nyumbani akisahihisha mitihani na kuandika. Alipojaza fomu aligawa mshahara kwa siku: siku za darasani kwa New York, siku za nyumbani kwa Connecticut. New York ikakataa. Kanuni yake ni kwamba asiye mkazi anayefanya kazi nyumbani kwa hiari yake, wala si kwa sababu mwajiri amemlazimu, huhesabiwa kuwa ameifanya kazi hiyo mahali pa ofisi. Connecticut nayo ikasema kazi iliyofanywa ndani ya nyumba iliyoko Connecticut ni ya Connecticut, na haikukubali kumhesabia kodi ya siku hizo iliyolipwa New York. Mshahara wa siku moja ukatozwa mara mbili.

Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ya New York iliamua dhidi yake. Ilisema uchumi wa New York ndio uliompa ajira hiyo, na kwamba bila kanuni hiyo kila mtu angeweza kudai kuwa alifanya kazi nyumbani, bila njia ya kumchunguza. Hoja hii ya pili ina uzito, kwa maana mtoza kodi hawezi kukaa sebuleni mwa kila mtu. Ya kwanza haitoshelezi. Mwalimu aliyekesha na madaftari hakutumia barabara ya New York usiku ule, wala polisi wake. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kuisikiliza rufani yake mwaka 2004.

Lililoonekana kuwa ugomvi wa profesa mmoja likawa la mamilioni mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga ofisi na watu kuamriwa kubaki majumbani. Massachusetts ilitoa kanuni ya muda kwamba wasio wakazi waliokuwa wakifanya kazi humo kabla ya ugonjwa wataendelea kutozwa humo, ijapokuwa sasa walikuwa wameketi kwenye meza zao za kulia chakula huko New Hampshire. New Hampshire ikaishitaki Massachusetts moja kwa moja mbele ya Mahakama ya Juu, nayo mwezi Juni 2021 ikakataa kuipokea kesi, bila kulijibu swali. Profesa Zelinsky naye alirudi uwanjani. Safari hii alieleza kwamba tangu katikati ya Machi 2020 hadi mwaka ulipokwisha hakukanyaga New York kabisa, na masomo yote aliyatoa kwa kompyuta kutoka nyumbani. Mwaka 2023 hakimu wa mambo ya kodi wa New York alimkatalia tena.

Mwaka huo huo New Jersey, iliyochoka kuona kodi ya watu wake ikivuka mto, ilitunga kanuni kama ya New York, ila inawaangukia wakazi wa majimbo yenye kanuni hiyo peke yao. Ikatenga pia fedha za kuwatuza wakazi wake watakaoipeleka New York mahakamani na kushinda. Connecticut ilikwisha kuchukua hatua ya kujibu mapigo hata kabla ya hapo. Katika Bunge la Washington umepelekwa zaidi ya mara moja mswada wa kumwondolea kodi ya jimbo la ugenini mfanyakazi asiyezidisha siku 30 humo. Baraza la Wawakilishi limewahi kuupitisha, lakini Seneti haikuupitisha, na majimbo yenye miji mikubwa ndiyo yaliyoupinga kwa nguvu zaidi. Madereva wa malori na wafanyakazi wa treni za kati ya majimbo wamekwisha kulindwa na sheria ya Serikali Kuu, hao hutozwa kwao tu. Mwalimu bado.